Mtoto mwenye aleji ya chakula: namna ya kumbadilishia maziwa na kumzoesha vyakula vipya

Ukisema hapa Dodoma kwamba mtoto wako ana aleji ya maziwa ya ng'ombe, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: mpe ya mbuzi. Mimi niliupata kwa jirani, nikaupata kwa mama mkwe, nikaupata na dukani. Wote walinitakia mema. Mwanangu alikuwa na miezi saba, na nilimpa vijiko vitatu tu vya maziwa ya mbuzi yaliyochemka vizuri. Sijamaliza kusuuza kikombe, midomo ilishavimba na mabaka mekundu yanapanda kutoka tumboni kwenda shingoni.

Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe. Katika kila watoto kumi wenye aleji ya maziwa ya ng'ombe, tisa au zaidi watadhurika na ya mbuzi pia, na ya kondoo ni vilevile. Kuchemsha hakuokoi kitu, kwa sababu kaseini, ambayo ndiyo protini kubwa ya maziwa, inastahimili moto wa sufuria.

Mwanangu sasa ana miaka minne. Haya ninayoandika nimeyapata kwa daktari wa watoto, kwa afisa lishe wa kliniki, na kwenye madaftari matatu niliyojaza mwenyewe. Mimi si mtaalamu wa afya, kwa hiyo mahali panapohitaji daktari nitasema wazi, na ninakuomba usiparuke.

Jua kwanza ni aleji ya namna gani

Aleji ya chakula ni pale kinga ya mwili inapoiona protini ya chakula kama adui. Ipo ya haraka na ipo ya polepole, na kila hatua utakayosoma hapa chini inategemea mtoto wako yuko upande upi.

Ya haraka huonekana ndani ya dakika chache, na kwa kawaida haivuki saa mbili: mabaka yanayowasha, midomo au macho kuvimba, kutapika ghafla, kukohoa, kifua kupiga mluzi. Ya polepole huchukua saa kadhaa hadi siku mbili tatu: choo chenye makamasi au nyuzi za damu, kucheua kusikoisha, kulia kila baada ya mlo, pumu ya ngozi isiyosikia dawa, uzito kusimama. Mwenye aleji ya haraka usimjaribishie nyumbani chakula kilichomdhuru. Mpeleke kwa daktari wa watoto kwanza. Anzia zahanati au kituo cha afya cha kwenu, uombe rufaa ya hospitali ya mkoa au ya Benjamin Mkapa. Mwenye aleji ya polepole, ambaye uzito wake unapanda, unaweza kumfanyia mengi nyumbani huku kliniki ikikuongoza.

Kuna mambo yanayofanana na aleji. Mtoto aliyetoka kuharisha anaweza kushindwa kwa wiki kadhaa kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa. Anaharisha majimaji, tumbo linajaa gesi, na utumbo ukipona naye anapona. Huyo mtindi waweza kumfaa. Kwa mwenye aleji mtindi ni maziwa yaleyale. Wekundu kuzunguka mdomo baada ya kula nyanya au chungwa mara nyingi ni ukali wa tunda umegusa ngozi laini. Homa na kuharisha kwa pamoja, fikiria ugonjwa kwanza: ORS, zinki na kituo cha afya.

Na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu bado lipo mitaani kwetu. Mtoto anayetapika, anayeharisha na kukonda, husemwa ana meno ya plastiki. Anayekohoa na kutapika, husemwa kimeo kimeshuka. Anachukuliwa kwa mtu akachokolewe ufizi kwa kitu chenye ncha, au akakatwe kimeo. Hakuna ugonjwa unaoitwa meno ya plastiki. Vile vyeupe vinavyoonekana kwenye ufizi ni meno yake mwenyewe ya utoto, bado hayajatoka. Watoto wamekufa kwa kutokwa damu na kwa vidonda kuoza, na muda wote huo chakula kilichokuwa kikiwadhuru wanaendelea kupewa.

Daftari, mizani na akiba

Kabla hujabadili chochote, nunua daftari la shule. Andika alichokula, saa aliyokula, na kilichotokea baadaye. Ukurasa mmoja wangu unasomeka hivi: "Jumanne. Saa 1:10 asubuhi uji wa mchele na mafuta ya alizeti, kikombe kimoja. Saa 1:40 hakuna kitu. Saa 4 choo laini, hakuna damu. Jioni mlenda mtupu na ugali. Usiku amejikuna shingo, si sana." Ukikaa mbele ya daktari na kurasa kumi za namna hiyo, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa kuliko kusema "huwa anasumbuliwa tu".

Kadi ya kliniki nayo itunze. Ule mstari wa uzito ndio utakaokuambia kama mabadiliko yanamjenga au yanambomoa. Wakati wa kubadili maziwa mimi nilimpima kila baada ya wiki mbili badala ya mwezi. Nimeona mtoto aliyeondolewa maziwa, mayai, samaki na karanga kwa hofu tu, bila kuwekewa mbadala, hadi akafikia utapiamlo. Kila unachokiondoa, andika pembeni utaweka nini mahali pake.

Kuhusu akiba: maziwa maalumu ya kopo kwa watoto wenye aleji hayapatikani kila duka la dawa. Kwetu yaliagizwa Dar es Salaam. Kabla hujafungua kopo la kwanza, jua la pili na la tatu yanatoka wapi, na uyahesabu vizuri, maana mtoto aliyezoea nusu njia akirudishwa kwenye maziwa ya zamani kwa sababu kopo limeisha, kazi yote inaanza upya. Siku hizi ndugu akija na treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, ni rahisi kumtuma. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi na kifuniko cha ndani kabla hujalipa.

Kubadili maziwa

Kama mtoto ananyonya, usimwachishe. Watoto wachache hudhurika kwa maziwa ya ng'ombe aliyokunywa mama, na kwao dawa ni mama kuacha. Acha chai ya maziwa, mtindi, siagi, samli, na vitafunwa vilivyokandwa kwa maziwa, kwa wiki mbili hadi nne. Mtoto akipata nafuu, na kama dalili zake zilikuwa za polepole na hazikuwa kali, rudi kunywa maziwa uone kama zitarudi. Hapo ndipo unapopata uhakika. Asipopata nafuu, kula kama zamani, usijinyime bure. Mama aliyeacha maziwa ale dagaa, mchicha, mlenda na ubuyu, kwa ajili ya mifupa yake mwenyewe, na amuulize mhudumu wa kliniki kuhusu vidonge vya kalsiamu.

Kama mtoto anatumia kopo, hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Maziwa yanayofaa ni yale ambayo protini zake zimekatwakatwa kabisa hadi mwili usizitambue. Watoto wapatao tisa katika kumi wenye aleji ya maziwa huyavumilia. Waliobaki, na wale wenye aleji kali sana, hupewa yaliyotengenezwa kwa amino asidi tupu, yaani vile vipande vidogo kabisa vinavyojenga protini, na huo ni uamuzi wa daktari. Maziwa ya kopo ya soya hayapendekezwi kabla ya miezi sita, na baadhi ya watoto wana aleji ya soya pia. Wangu alikuwa mmoja wao.

Yasiyofaa ni haya, hata kama muuzaji atakuhakikishia: kopo la maziwa ya mbuzi; kopo lililoandikwa "HA", ambalo protini zake zimekatwa nusunusu tu; na kopo lililoandikwa "lactose free", lililoondolewa sukari na kuachiwa protini zote. Tui la nazi, maziwa ya mchele na ya lozi hayawezi kuwa maziwa ya mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Hayana kinachomkuza.

Namna ya kuhama inategemea anatoka wapi. Kama maziwa ya zamani ndiyo yanamdhuru, yaache siku hiyohiyo, usiyachanganye na mapya. Kama anatoka kwenye maziwa ya mama yaliyokamuliwa, au kwenye kopo salama kwenda kopo lingine salama, muhamishe taratibu kwa wiki moja: siku mbili za kwanza robo ni mapya, siku mbili zinazofuata nusu, kisha robo tatu, kisha yote. Koroga kila maziwa kwa kipimo chake, ndipo uyachanganye yakiwa tayari. Kwa kikombe cha mililita 120, robo ni mililita 30 za mapya na 90 za zamani. Usichanganye unga wa makopo mawili kwenye maji mamoja.

Jiandae kwa ladha. Maziwa haya ni machungu na yananuka. Mtoto wa miezi miwili mitatu hajali, ila aliyevuka miezi mitano sita anajua anachokataa. Wangu alikataa siku mbili. Alikuwa akifunga mdomo, anageuza uso kwenye bega langu, kisha anatafuta ziwa. Kilichosaidia ni baba yake kumpa badala yangu, maana kwangu alikuwa anasikia harufu ya maziwa yangu. Pia tulitumia kikombe chenye kifuniko ili harufu isitangulie, tukampa akiwa na njaa lakini hajaanza kulia, yakiwa yamepoa kabisa. Siku ya tatu alimaliza nusu kikombe. Usiweke sukari. Asali pia hapana, hata hii nzuri ya Manyoni, mpaka atimize mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga hadi ya kupumulia. Akikaa saa sita bila kukojoa, usisubiri kesho, nenda kituo cha afya.

Choo kitabadilika kiwe cha kijani na chenye harufu. Hiyo ni kawaida ya maziwa haya. Nafuu ya tumbo huonekana ndani ya wiki mbili hadi nne, ngozi huchelewa zaidi. Anayebadilisha kopo kila baada ya siku tatu hatajua kamwe lipi lilifaa.

Kuandaa kwenyewe: chemsha maji, yatumie kabla ya nusu saa kupita tangu yachemke, yakiwa bado na joto la nyuzi 70 hivi, kwa sababu unga wa kopo haukuuliwa vijidudu vyote kiwandani na joto hilo ndilo linaloviua. Tangulia maji, fuata unga, kila kijiko ukisawazisha kwa mgongo wa kisu safi. Poza kikombe kwenye beseni la maji, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Yasiyonywewa ndani ya saa mbili mwaga, inauma lakini mwaga. Usiongeze maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi, unamshibisha maji. Na kama nyumbani mnatumia kisima chenye maji ya chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za mkoa huu, kuchemsha hakuondoi chumvi bali huizidisha. Tafuta maji ya bomba yasiyo na chumvi kwa ajili ya mtoto.

Unga wa lishe na mashine ya kusaga

Baada ya maziwa kutulia nilidhani nimevuka. Kumbe uji ulikuwa unanisubiri.

Unga wa lishe unaouzwa madukani na sokoni Majengo mara nyingi ni mchanganyiko wa mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga. Wengine huongeza dagaa, wengine maziwa ya unga ili uwe mtamu. Kwa mtoto mzima ni chakula kizuri. Kwa mtoto mwenye aleji ni vitu saba kwa mpigo, na akidhurika huwezi kujua ni kipi. Kwa hiyo usianze na unga wa lishe. Anza na nafaka moja, mchele au uwele au mtama, kisha uongeze wewe mwenyewe.

Nilinunua uwele, nikaupembua, nikauosha, nikauanika juani siku mbili, nikaupeleka mashine ya mtaani. Aliyenitangulia foleni alikuwa na sado mbili za mchanganyiko wenye soya. Kijana wa mashine akapokea ndoo yangu na kumimina moja kwa moja. Unga wa kwanza ulitoka na rangi ya manjano, na ukiunusa unasikia soya iliyokaangwa. Nilisimama pale nikiutazama ukiingia kwenye mfuko wangu mweupe ulio safi, nikaelewa kwa nini mwanangu alikuwa akijikuna wiki zile ambazo daftari lilionyesha hajala kitu kipya.

Tangu siku hiyo naenda mashine inapofunguliwa asubuhi, kabla ya mteja mwingine. Nabeba kilo mbili za mahindi ya ziada, namwomba kijana ayapitishe kwanza yasukume mabaki ya jana, unga huo tunakula sisi wakubwa, ndipo wa mtoto unafuata. Mwambie sababu, kwa heshima. Kijana wetu alipoelewa kwamba mtoto anavimba, akawa yeye ndiye anayenikumbusha. Kama aleji ya mtoto ni ya haraka na kali, usitegemee mashine kabisa: twanga kwa kinu chako na uchekeche nyumbani.

Mwendo ni uleule jikoni. Mwiko uliokoroga mboga ya kuungwa karanga usiingie kwenye sufuria ya mtoto. Kikombe chake, kijiko chake, sufuria yake. Kwenye pakiti za biskuti, mkate, majarini na soseji soma orodha ya viungo, nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza: ukiona milk, whey, casein, butter au milk solids, hayo yote ni maziwa.

Mahali pa maziwa, uji wa mtoto wa zaidi ya miezi sita unahitaji mafuta na protini. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kwenye kikombe cha uji kinaongeza nguvu kubwa. Maini au nyama iliyosagwa, kunde, choroko na maharage yaliyopondwa vinajenga mwili. Njugu mawe za kwetu ni nzuri, ila nazo zianzishwe peke yake kama kitu kingine chochote.

Panga dharura kabla ya kujaribu chochote kipya

Jua kituo kipi cha afya kiko wazi usiku na kina adrenalini. Uliza kabisa, wakuonyeshe. Weka kwenye simu namba ya bodaboda au bajaji anayelala jirani.

Mtoto akipumua kwa shida, sauti ikakauka, ulimi ukavimba, akalegea au kupauka, au akatapika mfululizo huku mabaka yakienea, huo ni mshtuko wa aleji. Dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye paja upande wa nje, na inatolewa mara moja. Piriton na setirizini hupunguza muwasho tu, hazifungui koo, kwa hiyo usizisubiri zifanye kazi. Mlaze, miguu juu kidogo. Akishindwa kupumua akiwa amelala, mwache akae. Usimbebe wima begani na kukimbia naye. Hata akipata nafuu njiani, endelea hadi hospitali, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Na waambie wote nyumbani, hasa wazee: asipewe maziwa. Desturi yetu mtu akila kitu kibaya ni kumnywesha maziwa yaue sumu. Kwa mtoto huyu maziwa ndiyo sumu yenyewe. Shangazi yangu alikuwa ameshika kikombe tayari siku ile ya maziwa ya mbuzi.

Kuanzisha chakula kipya

Chagua asubuhi ya siku ya kazi, vituo vikiwa wazi na wewe uko nyumbani. Mtoto awe mzima: hana mafua wala homa, kifua hakibani, hajatoka kuchanjwa jana. Kitu kimoja tu. Anza na ncha ya kijiko, subiri dakika 15 huku unamwangalia uso, mgongo na tumbo. Akiwa sawa mpe nusu kijiko cha chai, kisha mwache, na umwangalie saa mbili. Kesho ongeza. Kaa na chakula hicho siku tatu hadi tano kabla ya kuleta kingine, na kama aleji yake ni ya polepole mimi ningekaa wiki. Kikikubalika kisiachwe: kirudi mezani mara mbili tatu kwa wiki, kwa sababu mwili unaweza kusahau ulichokizoea.

Karanga zinahitaji maelezo marefu kidogo. Huu ni mkoa wa karanga. Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na mradi mkubwa wa kuzilima, wakashindwa na kuufunga mwaka 1951, lakini wenyeji wameendelea nazo hadi leo kwenye mlenda na mboga za majani. Zamani wazazi walishauriwa wazicheleweshe. Utafiti uliofanywa London kwa watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya mayai, ukachapishwa mwaka 2015, ulionyesha kinyume: waliolishwa karanga mara kwa mara tangu wakiwa na miezi 4 hadi 11 walipata aleji ya karanga kidogo sana kufikia miaka mitano, pungufu ya asilimia 80 hivi kuliko walionyimwa. Kwa hiyo mdogo wake huyu mwenye aleji usimnyime karanga kwa hofu. Akifika miezi sita mpe, zikiwa zimetwangwa laini na kukorogwa kwenye uji. Ila kama ana pumu kali ya ngozi au ameshadhurika na yai, muulize daktari kwanza. Karanga nzima hapana kabla ya miaka mitano, zinakaba.

Zichambue moja moja. Zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au nyeusi, au zenye ladha chungu, tupa, usimpe hata kuku. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye nafaka, na karanga hushikwa na ukungu huohuo.

Yai anza na lililochemshwa gumu kabisa, kiini na ute kwa pamoja. Na kama mtoto ana aleji ya mayai, chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 na ya miezi 18 apewe kama kawaida, ni salama kwake. Mtajie tu mhudumu.

Jambo moja la ngozi, kwa sababu wengi hawalijui: protini ya chakula ikiingia kupitia ngozi iliyochubuka huweza kuufundisha mwili aleji. Mtoto mwenye pumu ya ngozi asipakwe samli wala mafuta ya karanga. Mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato yanatosha, mara mbili tatu kwa siku, na hasa msimu wa upepo mkavu.

Watu wa nyumbani

Anayemlisha mtoto mara nyingi si wewe. Ni dada wa kazi, ni bibi, ni mwalimu wa chekechea. Nilipompeleka kwa bibi yake kijijini Mvumi, sikuanza na makatazo. Nilimwomba anisaidie kutafuta vitu ambavyo mjukuu wake anaweza kula. Akakumbuka uji wa ubuyu na uwele aliolelewa nao yeye. Mtoto alikunywa mpaka akaomba tena, na bibi akawa mlinzi kuliko mimi: wageni wakija na biskuti, anazipokea na kuzificha kabatini. Kwa dada wa kazi, bandika karatasi ukutani yenye vyakula vya ruhusa kwanza, vilivyokatazwa baadaye, na namba ya simu chini.

Kurudi kwenye maziwa

Watoto wengi huacha nyuma aleji ya maziwa. Wa aleji ya polepole wengi hupona kufikia miaka mitatu, wa haraka huchukua muda zaidi, wengine hadi umri wa shule. Kurudi kunafanywa kwa ngazi, kuanzia maziwa yaliyookwa ndani ya unga wa ngano, kwa sababu moto wa muda mrefu huvunja baadhi ya protini na unga hushikilia nyingine. Takribani watoto saba katika kumi wenye aleji ya maziwa huvumilia yakiwa yameokwa hivyo. Ngazi ya kwanza ni biskuti yenye maziwa kidogo, ya pili keki au skonzi, iliyookwa nyuzi 180 kwa nusu saa. Keki ya sufuria, ya mkaa juu na chini, haina joto la kuaminika, kwa hiyo omba jirani mwenye oveni. Ya tatu ni chapati za maji zilizokorogwa na maziwa, kisha mtindi, na mwisho kabisa maziwa ya kikombe. Kila ngazi kaa wiki kadhaa. Akidhurika, rudi ngazi moja chini, umwambie daktari.

Mwenye aleji ya polepole anaweza kupanda nyumbani kwa maelekezo. Mwenye ya haraka, ngazi ya kwanza anaipandia hospitali, sindano ikiwa mezani. Sisi biskuti tuliila wodini asubuhi nzima, robo kwanza, kisha nusu, kisha yote, nami nikimfunua shati kila dakika kumi kutazama mgongo. Ilikuwa miezi kumi na minne iliyopita. Soya ilishaondoka yenyewe alipofika miaka mitatu. Sasa anakula skonzi na chapati za maji, na mtindi tumepangiwa kuujaribu wodini tena mwezi ujao, nusu kijiko cha chai. Bibi yake ameomba aje naye.